Kuficha, kufunga, kufumba: juu ya ulinzi wa mafaili ya siri katika kompyuta ya nyumbani

0. Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi mtu anavyoweza kulinda mafaili yake ya siri katika kompyuta iliyo nyumbani kwake. Huenda msomaji akajiuliza kwa nini jambo hili liletwe katika jarida la walimu na wanafunzi wa Kiswahili badala ya kuachiwa wahandisi. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba sisi tuliozoea kwenda vijijini na mitaani kukusanya lugha tumegeuka, bila kukusudia, kuwa walinzi wa siri za watu. Mama aliyetusimulia jinsi alivyoachwa na mumewe, mzee aliyetueleza jinsi shamba la baba yake lilivyogawanywa, kijana aliyekimbia vita na kututajia nani aliyewachomea nyumba, wote walikubali kusema kwa kuwa tuliwaahidi kwamba majina yao hayatajulikana. Zamani sauti zao zilibaki katika kaseti, na kaseti ilibaki katika sanduku. Aliyetaka kuzisikia ilimpasa kuingia chumbani, kuichukua kaseti na kutafuta redio ya kuichezea. Leo sauti hiyohiyo ni faili, na kulinakili ni kazi ya sekunde chache.

Sababu ya pili ni ya lugha yenyewe. Kiswahili kina vitenzi vitatu ambavyo hutenganisha waziwazi mambo ambayo watumiaji wengi wa kompyuta huyachanganya, na mtu akishika vema tofauti ya vitenzi hivyo, amekwisha kuelewa nusu ya somo.

Neno moja kwanza juu ya istilahi. Tutasema kompyuta, ingawa wengine hupendelea tarakilishi, na wengi wetu mjini Lubumbashi tungali twaitaja kwa jina lake la Kifaransa. Tutasema neno la siri kwa kile ambacho wenzetu wa Kenya na Tanzania hukiita pia nywila. Kile kifaa kidogo cha kubebea mafaili mfukoni tutakiita flashi. Wakongomani humwita kwa Kifaransa kwa jina la ufunguo, lakini jina hilo hatulitaki hapa, kwa kuwa ufunguo utakuwa na maana nyingine kabisa.

1. Vitenzi vitatu na vinyume vyake

Tutazame jozi hizi: ficha na fichua, funga na fungua, fumba na fumbua. Katika kila jozi kitenzi cha pili kinapata kiambishi -u- kabla ya irabu ya mwisho, na maana yake inakuwa kutangua tendo la kwanza. Wanasarufi huiita kauli ya kutendua. Kwa upande wa umbo, jozi hizi tatu ni sawa. Tofauti yaonekana tunapouliza swali jepesi: ni nani awezaye kutia hiyo -u-?

Kwa kuficha, ni yeyote mwenye muda wa kutafuta. Anayeweka tasnifu yake ndani ya folda iliyo ndani ya folda nyingine, akaipa jina lisilovutia kama vile «Picha za zamani», ameficha. Vivyo hivyo anayebofya ili faili lisionekane katika orodha. Lakini kila kompyuta ina sehemu ya kutafutia, na mtoto wa shule ya msingi aandikapo neno moja tu linalopatikana ndani ya faili, faili lajitokeza. Mafaili yasiyoonekana huonekana tena kwa kugeuza chaguo moja. Hatusemi kwamba kuficha hakuna faida. Kunamzuia mgeni asiyekusudia ubaya asikute asichotakiwa kukikuta. Faida yake yaishia hapo.

Kwa kufunga, ni mwenye ufunguo, au mwenye kuvunja mlango, au mwenye kupitia dirishani. Hapa ndipo kosa kubwa la watu lilipo. Kompyuta nyingi huomba neno la siri zinapowashwa, na mwenye kompyuta hudhani kuwa mafaili yake yamelindwa. Ukweli ni kwamba, ikiwa diski yenyewe haikufumbwa, neno lile linalinda mlango wa mbele peke yake. Nyuma ya mlango mafaili yamelala wazi kama madaftari juu ya meza. Mtu mwenye bisibisi huweza kuitoa diski na kuichomeka katika kompyuta nyingine, na hapo hataulizwa neno lolote. Mwingine hana haja hata ya bisibisi: huiwasha kompyuta kwa mfumo wa Linux uliomo katika flashi, kisha akafungua folda moja baada ya nyingine. Mambo hayo hayahitaji ujuzi wa ajabu. Fundi yeyote wa mjini huyafanya kila siku kwa nia njema kabisa, anapookoa mafaili ya mteja aliyesahau neno lake.

Kwa kufumba, ni mwenye ufunguo peke yake. Lugha yetu yajua kufumba macho, kufumba mkono na kufumba maneno. Katika matumizi haya ya tatu msemaji hamzuii mtu kusikia, bali hubadilisha usemi wenyewe hata asikiaye asijue kinachosemwa. Ndivyo inavyofanya programu ya kufumba. Huchukua faili pamoja na ufunguo, yaani namba ndefu itokanayo na neno la siri, na kulisaga faili hilo hata libaki mfululizo wa alama usio na mpango. Aliyeiba diski atalikuta faili, atauona ukubwa wake, ataweza hata kulinakili na kumpelekea mwenzake. Kusoma hataweza.

Twapendekeza basi kwamba kufumba na kufumbua vitumike kwa kazi hii, mahali pa maelezo marefu yanayoonekana katika tafsiri za programu. Jozi hii imekwisha kuwemo katika lugha, na ina nomino yake tayari, fumbo.

2. Siri ya njia na siri ya ufunguo

Waswahili wa pwani wana mchezo wa kale wa kusema kinyume: silabi ya mwisho hutangulizwa, hivi kwamba siri huwa risi, kitabu huwa bukita, na mlango huwa ngomla. Asiyeujua mchezo hupotea. Lakini aliyeelezwa kanuni mara moja hufahamu yote, ya leo na ya kesho, na hata yale yaliyosemwa jana mbele yake. Hii ni kwa sababu siri yote imo katika njia; njia ikijulikana, hakuna kinachobaki.

Hatua moja mbele ni kubadilisha kila herufi kwa herufi nyingine kufuatana na orodha ya siri. Njia hiyo ilitumika karne nyingi, na jibu lake lilipatikana Baghdad katika karne ya 9, pale mwanafalsafa al-Kindi alipoeleza kwamba yatosha kuhesabu herufi. Katika kila lugha ziko zinazorudi mara nyingi na ziko zinazorudi mara chache. Alama inayorudi mara nyingi kuliko zote katika fumbo yaelekea kuwa ndiyo herufi inayorudi mara nyingi kuliko zote katika lugha. Kwa maoni yetu Kiswahili hujisaliti upesi kwa njia hii. Msomaji achukue aya yoyote ya makala haya na kuhesabu: herufi a itazishinda nyingine zote kwa mbali. Yaongoza kwa sababu imo katika wa-, ya-, na-, ta-, li-ka-, na mwisho wa vitenzi vingi sana. Isitoshe, silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, na upatanisho wa ngeli hurudisha viambishi vilevile mara tatu au nne katika sentensi moja. Uzuri wa sarufi yetu ni zawadi kwa mpelelezi.

Aliyeliweka jambo hili katika kanuni iliyo wazi alikuwa mtu wa lugha, jambo linalotufurahisha sisi wanaisimu. Auguste Kerckhoffs, Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1835, alifundisha Kijerumani katika chuo cha biashara cha Paris, na baadaye akawa mtetezi mashuhuri wa Volapük, ile lugha ya kubuniwa iliyotangulia Esperanto. Mwaka 1883 alichapisha kwa Kifaransa makala juu ya mafumbo ya kijeshi. Moja ya masharti aliyoyaweka humo ni kwamba mfumo wa kufumba usidai usiri wenyewe, bali uweze kuanguka mikononi mwa adui bila madhara. Siri yote ikae katika ufunguo, kwa kuwa ufunguo ni mfupi, hukaririwa, na hubadilishwa ukijulikana.

Fumbo linalotumiwa leo katika kompyuta nyingi limejengwa juu ya kanuni hiyohiyo. Mwaka 1997 taasisi ya viwango ya Marekani iliitisha mashindano ya wazi ili kupata njia mpya ya kufumba. Mapendekezo 15 yalikubaliwa kuchunguzwa, wataalamu wa dunia nzima wakaalikwa kuyavunja mbele ya watu wote, na mwezi Oktoba 2000 pendekezo lililochaguliwa likawa la Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen. Wote wawili walipata udaktari wao Leuven, chuo kilekile kilichoizaa Lovanium ya Kinshasa mwaka 1954. Kazi yao ilitangazwa kuwa kiwango mwezi Novemba 2001 kwa jina la AES. Kila hatua yake imechapishwa. Mwanafunzi aweza kuisoma na kuifuatisha kwa kalamu. Ufunguo wake mfupi kuliko zote una biti 128, maana yake idadi ya funguo zinazowezekana ni namba ya tarakimu 39. Hakuna aonekanaye kuweza kuzijaribu zote.

Kwa hiyo mwizi mwenye akili halishambulii fumbo lenyewe, hulishambulia neno la siri la mwenye faili.

3. Neno la siri na fonolojia yake

Hapa elimu yetu ya fonolojia yafaa kazi. Tuseme mtu amechagua neno la herufi sita. Kama herufi hizo zimechaguliwa ovyo kati ya 26 za alfabeti, mwenye kujaribu ana maneno 308,915,776 mbele yake. Lakini kama neno ni la Kiswahili lenye umbo la kitabu au samaki, yaani silabi tatu za konsonanti na irabu, hesabu hupungua mno. Tukichukua konsonanti 15 za kawaida na irabu 5, tunapata silabi 75, na silabi tatu hutoa maneno 421,875 tu. Mshambulizi ajuaye mpangilio wa silabi zetu ameipunguza kazi yake zaidi ya mara 700, na bado hatujasema kwamba sehemu kubwa ya mifuatano hiyo si maneno ya lugha. Kwa kompyuta, majaribio laki nne si hata kazi ya kupumua.

Majina ya watoto, mwaka wa kuzaliwa, jina la timu ya mpira, na kugeuza a kuwa @ ni mambo yaliyo katika orodha za washambulizi tangu zamani. Methali pia tunazikataa, ingawa ni ndefu. Zimechapishwa katika vitabu na kamusi, na kilichochapishwa chaweza kuwekwa katika orodha.

Njia iliyo bora ilipendekezwa mwaka 1995 na Mmarekani Arnold Reinhold, nayo yahitaji dadu tu, kile kichemraba cha pande sita chenye nukta. Dadu ikirushwa mara tano, matokeo yanayowezekana ni 7,776. Kila tokeo lina neno lake katika orodha. Mtu hurusha, husoma neno, na kurudia mpaka apate maneno sita. Orodha za Reinhold hatuna haja nazo, kwa kuwa kamusi ya Kiswahili twayo. Mirusho mitatu ya kwanza yatupa ukurasa, kutoka 1 hadi 216. Mirusho miwili ya mwisho yatupa kidahizo, kutoka 1 hadi 36, tukihesabu kutoka juu na kuendelea katika ukurasa unaofuata ikiwa huo ni mfupi. Mfano: nimerusha 3, 1, 5. Naondoa moja katika namba ya kwanza na kuzidisha kwa 36, napata 72. Naondoa moja katika ya pili na kuzidisha kwa 6, napata sufuri. Naongeza ya tatu, yaani 5. Ukurasa ni wa 77. Kisha nimerusha 2 na 4: naondoa moja katika 2 na kuzidisha kwa 6, naongeza 4, napata 10. Nachukua kidahizo cha kumi cha ukurasa huo. Kamusi yenye kurasa nyingi zaidi itaachwa sehemu yake ya mwisho bila kutumika, na haidhuru.

Tunaweza kupata kwa njia hiyo kitu kama «bahasha jongoo kiazi embe dafu mkeka». (Mfano huu umekwisha kuchapishwa, asiutumie mtu.) Maneno yenyewe yamo katika kamusi ya kila mtu, lakini mpangilio wake ni mmoja kati ya mipangilio ambayo idadi yake ni namba ya tarakimu 24. Mashine ijaribuyo mipangilio bilioni moja kila sekunde itahitaji miaka ipatayo milioni saba kuimaliza yote. Tena maneno sita ya kawaida hukaririka kwa siku mbili, jambo lisilowezekana kwa alama kumi na mbili zisizotamkika. Sharti ni moja: kukubali neno lililotolewa na dadu hata kama halipendezi. Anayerusha tena ili apate neno zuri zaidi amerudisha akili yake mwenyewe katika kazi, na akili ya mtu hutabirika.

4. Kazi yenyewe nyumbani

Mwenye kompyuta ya Windows ataanza kwa kuchunguza kama diski yake haijafumbwa tayari. Matoleo ya kitaalamu ya mfumo huo yana programu iitwayo BitLocker. Matoleo ya nyumbani hayana BitLocker kamili, lakini kompyuta nyingi za miaka ya karibuni zina ufumbaji wa kifaa ambao hujiwasha wakati mtu anapojiandikisha kwa akaunti ya Microsoft, hata bila yeye kutambua. Jambo hili lina hatari yake. Kompyuta ikitengenezwa sehemu fulani ya ndani, huweza kuamka na kudai ufunguo wa uokozi wenye tarakimu 48, na mwenyewe asijue wauulizia wapi. Kwa kawaida umehifadhiwa katika akaunti yake. Yafaa autafute na kuuandika kwenye karatasi kabla ya shida. Kompyuta za Apple zina FileVault, na katika Linux diski hufumbwa wakati wa kuweka mfumo.

Asiye na hayo, au mwenye kompyuta ya zamani, atatumia VeraCrypt, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2013. Hiyo hutengeneza faili moja kubwa ambalo ni kama sanduku: likifumbuliwa huonekana kama diski nyingine, mtu akaweka humo sauti, maandishi na picha, na likifumbwa hubaki alama tupu. Kwa faili moja la kutuma au kubeba, 7-Zip yatosha, mradi mtu achague AES na aagize majina ya mafaili nayo yafumbwe. Maana si kazi ya bure kuyafumba maandishi yote na kuacha nje jina «Mahojiano na mke wa chifu».

Word yahitaji uangalifu. Tangu toleo la mwaka 2007, hati yenye umbo la docx iliyowekewa neno la siri la kufungulia hufumbwa kweli. Lakini palepale pana chaguo jingine, la kuzuia watu wasiibadilishe hati. Hilo halifumbi kitu. Ni kufunga tu, na wengine huliondoa kwa dakika moja. Umbo la zamani la doc ni dhaifu katika yote mawili.

Diski iliyofumbwa hulinda kompyuta iliyozimwa. Ikisha kuwashwa na neno la siri kuandikwa, kila kitu ki wazi kwa aliyeketi mbele yake. Katika nyumba zetu aliyeketi mbele yake huenda akawa mtoto anayecheza, shemeji anayeandika barua ya kuomba kazi, au jirani aliyekuja kuchomeka flashi yake kwa sababu kwake hakuna umeme. Kumkatalia shemeji si desturi. Kumtengenezea akaunti yake mwenyewe, isiyo na mamlaka ya kuweka programu, kwawezekana bila kumvunjia heshima, na ni kazi ya dakika tano. Sanduku la VeraCrypt lifumbwe kabla ya kuinuka kitini. Tena kompyuta izimwe kabisa usiku. Ile iliyolala tu, ufunguo ungali umo katika kumbukumbu yake.

Juu ya virusi tutasema machache. Huingia zaidi kwa flashi na kwa programu zilizoibwa, na huingia kwa urahisi katika mfumo usiorekebishwa. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilizipata kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, na marekebisho ya kukizuia yalikuwa yametolewa tangu Machi mwaka uleule. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 haipewi tena marekebisho ya bure kwa desturi, na anayeendelea kuitumia ajue hivyo. WannaCry kilikuwa cha aina ambayo hufumba mafaili ya mtu na kudai fedha kabla ya kuyafumbua. Msomaji atambue: ni tendo lilelile, ila ufunguo uko kwa mwizi.

5. Siri inavyovujia pembeni

Mara nyingi faili lililolindwa vema nyumbani huwa limekwisha kuachwa mahali pengine. Karibu na kila chuo kikuu pana vibanda vya kuchapa na kunakili. Mwanafunzi hufika na flashi, mwenye kibanda hulinakili faili kwenye kompyuta yake ili alichape, na humo linabaki, pamoja na tasnifu za mwaka uliopita na hati za ndoa za mtaa mzima. Dawa ni kupeleka kibandani kile tu kinachochapwa, nacho kikiwa hakina majina.

Ajabu nyingine ni kitenzi kufuta. Tufutapo ubao, maandishi huondoka. Tufutapo faili, kompyuta huondoa mstari wake katika orodha tu, kama mtu achanaye ukurasa wa yaliyomo na kuziacha sura zote za kitabu. Sura hizo hubaki mpaka maandishi mengine yaandikwe juu yake, na programu za kuzirudisha zapatikana bure. Katika diski za zamani zinazozunguka twaweza kuagiza nafasi tupu iandikwe upya. Katika flashi, kadi za kinasa sauti na diski mpya zisizozunguka, kifaa chenyewe huamua kiandike wapi, na hatuna uhakika wa kilichobaki. Ndiyo maana ni heri kuwa na diski iliyofumbwa tangu siku ya kwanza: kilichofutwa humo, hata kikirudishwa, kinarudi kikiwa fumbo. Kadi ya kinasa sauti haifumbwi kwa urahisi. Mtafiti arudipo kutoka kijijini, aihamishe sauti jioni ileile na kuitumia kadi hiyohiyo kurekodi tena.

Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 31, yampa kila mtu haki ya faragha na ya siri ya mawasiliano yake, na sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 ina masharti juu ya data za watu binafsi. Lakini hakuna sheria inayoizuia flashi isianguke katika basi.

6. Jedwali la majina, nakala, na bahasha

Kwa mtafiti, jambo la kwanza kufumbwa ni jedwali la majina. Katika matini zilizonakiliwa kila msemaji apewe alama, kwa mfano M1 au K2, na uhusiano wa alama na jina uandikwe katika jedwali moja likaalo ndani ya sanduku lililofumbwa. Matini zenyewe zaweza kukaa nje, kusomwa na kusahihishwa kila siku. Sauti haziwezi. Jirani akiisikia sauti ya mama yule kwa sekunde tatu amemjua, na alama K2 haimfichi. Sauti zote, basi, zikae pamoja na jedwali. Vilevile vijiji vidogo: kuandika «mwalimu wa kike wa kijiji» mahali penye mwalimu mmoja wa kike ni kulitaja jina lake.

Kinachofumbwa kinakuwa pia chepesi kupotea. Umeme ukikatika kwa ghafla na kuharibu mwanzo wa sanduku la VeraCrypt, sanduku zima huenda lisifumbuke tena, hata kwa mwenye neno la siri. Programu hiyo ina njia ya kuhifadhi kando nakala ya mwanzo huo, nayo itumike. Tena kuwe na nakala mbili za sanduku lenyewe, juu ya vifaa viwili, kimoja kikikaa nje ya nyumba, kwa mama mkubwa au kwa mwenzetu wa idara. Kwa kuwa ni fumbo, anayekihifadhi habebeshwi siri yoyote. Nakala isiachwe imechomekwa kwenye kompyuta daima, kwa maana kirusi cha aina tuliyoitaja huifumba pamoja na ya asili.

Linabaki neno la siri. VeraCrypt haina ofisi ya kwenda kuomba neno lililosahauliwa. Hakuna ajuaye ila mwenyewe. Kaseti za marehemu walimu wetu ziliweza kufunguliwa na wanafunzi wao, hata kama zilikutwa katika masanduku yenye vumbi, na tafiti kadhaa zimeendelea kwa sababu hiyo. Mkusanyiko uliofumbwa ambao mwenyewe amefariki na maneno yake sita kichwani hautafunguliwa na mtu. Kwa hiyo maneno hayo yaandikwe kwa mkono kwenye karatasi, yatiwe katika bahasha iliyogandishwa na kutiwa sahihi juu ya gundi, na iwekwe pamoja na diploma na hati ya kiwanja. Nje iandikwe nani aruhusiwaye kuifungua. Wengine watasema kuandika neno la siri ni kinyume cha usalama. Hatukubaliani nao. Mwizi wa kompyuta hupita sebuleni. Hana haja na bahasha iliyo kabatini kati ya vyeti vya ubatizo. Kinachohitaji kufikiriwa zaidi ni jina litakaloandikwa nje ya bahasha hiyo. Mwenzi wa nyumbani huenda akawa mwaminifu kuliko wote, lakini wale waliosema nasi hawakumwahidi yeye siri zao, nao wengine ni jirani zake. Sisi tungemwandika mwenzetu wa utafiti, aliyekuwepo siku ahadi ilipotolewa, na ndani ya bahasha, chini ya maneno sita, tungeandika sauti zipi zaweza kusikilizwa na wanafunzi na zipi zifutwe bila kusikilizwa.